Papa, Nimewaambia Watu Kuhusu Ng'ombe Wetu

Papa,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu sikujua nianze na lipi: kwamba ng'ombe wako Apus hayuko tena bomani, au kwamba mimi ndiye niliyesababisha aondoke. Sasa nimeyaandika yote mawili na bado nimekaa kitini. Basi naweza kuendelea.

Leo ni Jumapili. Nimetoka kanisani nikaja moja kwa moja chumbani kwangu hapa Malaba. Malori yamepanga foleni mpaka karibu na mlango, madereva wanapigiana honi kana kwamba mpaka wa Uganda utafunguka kwa kelele, nami nimefunga dirisha ili nikae na wewe.

Nyumbani Adungosi ni wazima. Toto, mama yangu, anakula. Baada ya kukuzika nilidhani atakataa chakula, lakini anakula, anaenda shambani, na akichoka analala mchana, jambo ambalo hakulifanya ukiwa hai. Mahindi ya upande wa juu tumevuna. Ya upande wa mto yalioza kwa maji. Kaburi lako lilididimia mvua ya kwanza iliponyesha, kaka Okisai akaongeza udongo na kuushindilia vizuri. Hakuniambia. Nilikuta tu ameshafanya. Okisai haongei na mimi, Papa, na nitakueleza kwa nini.

Unakumbuka chumvi? Kila kiangazi, nyasi za juu zilipokauka, ulikuwa unawapeleka ng'ombe kinamasini, na pale penye jiwe pana ulikuwa unamwaga magadi ili walambe. Mimi nilikuwa darasa la nne au la tano. Siku moja nilikushika mkono nikakuonyesha pongo, dume mmoja mwekundu mwenye madoa meupe ubavuni, ametoka kwenye mafunjo na kusimama nyuma ya ng'ombe akingoja zamu yake kama mtu mwenye adabu. Nilitaka kumfukuza kwa fimbo. Ukasema, "Muache. Hata yeye ana ulimi." Tangu siku hiyo ulikuwa unamwaga kidogo pembeni, kwa ajili yao. Walikuja wawili, wakaja watano. Watu wa kijiji walikucheka kwamba unafuga wanyama wa Mungu pamoja na wako, nawe ulicheka nao.

Nimelifikiria jiwe lile sana mwaka huu.

Ulinipeleka chuo cha mifugo ukiwa na furaha kuliko mimi. Nilipopata kazi ya kukagua nyama kichinjioni, ulikuwa unawaambia watu wa Malaba mpaka Amukura kwamba hakuna atakayekula nyama mbaya maadamu binti yako ana kisu. Basi ni mimi na kisu changu tuliokuletea matatizo. Mwaka jana, kabla ya mvua ndefu, nilipasua mapafu ya ng'ombe mmoja aliyetoka upande wetu nikakuta vinundu, vingine vigumu kama kokoto, vingine vimejaa kitu cheupe kilichofanana na unga wa muhogo uliolowa. Nikapasua tezi za kifuani, ni vilevile. Nilimwita daktari wa mifugo. Alitazama mara moja akasema, "Hii ni TB, Asere. Tena sio ya jana."

Ndipo akatafuta watu wachache wa kando ya mto waliokubali ng'ombe wao wapimwe. Mimi ndiye niliyelitaja boma letu. Nilitaka wewe uwe wa kwanza, wengine wakuige. Nilijivunia wewe, Papa. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu.

Ulikuwa umevaa koti lako la kanisani siku ile, kama vile daktari amekuja kuposa binti yako. Kila ng'ombe alichomwa sindano mbili shingoni, nawe ulikuwa ukimshika kila mmoja pembe ukimwimbia. Siku ya tatu tulirudi kupima ngozi. Wengi walikuwa sawa. Wawili walikuwa na uvimbe mdogo. Apus, yule wa rangi ya majivu, mama wa nusu ya boma, shingo yake ilikuwa imevimba ngumi nzima.

Daktari alikueleza polepole. Kwamba anaonekana mzima lakini anaugua. Kwamba ugonjwa unapita kwenye pumzi na mate kwenda kwa ng'ombe wengine, na kwenye maziwa kwenda kwa watu. Kwamba afadhali achinjwe. Ulimsikiliza mpaka mwisho, kisha ukanigeukia mimi, sio yeye.

"Ng'ombe anakula, anakamuliwa, anazaa. Ugonjwa iko wapi?"

"Iko ndani, Papa. Haionekani."

"Na wewe umeiona?"

Nilisema sijaiona.

"Huyu amenizalia mara sita. Nikimfunga kamba kumpeleka kwa kisu, nitamwambia nini?"

Daktari hakuwa na nguvu ya kukulazimisha. Alikuambia basi angalau mchemshe maziwa na Apus afungwe peke yake. Ukasema sawa. Tukanywa chai. Nilipokuwa napanda boda kurudi Malaba, Toto alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa tufanye nini?" Nikamjibu, "Papa ataamua."

Hayo ndiyo maneno yangu, Papa. Ataamua. Nilijua ninachokijua, nimekishika kwa mikono, na nikapanda pikipiki.

Sikuuliza tena. Kila nilipokuja nyumbani niliona kibuyu chako mahali pake, na niliona Apus akitoka na wengine kwenda kinamasini. Ulikuwa unakunywa maziwa yakiwa bado na joto la chuchu kama ulivyokunywa maisha yako yote. Kila asubuhi ulikuwa unampa kikombe Nafula, yule mtoto wa jirani yetu Nekesa, aliyekuwa anapita kwetu akienda shule ya chekechea. Mama yake hana ng'ombe. Ulisema mtoto hawezi kusoma na tumbo lenye chai ya rangi. Niliona kikombe kile kwa macho yangu, cha bati, cha kijani. Nikanyamaza kwa sababu ulikuwa unatabasamu.

Halafu ukaanza kukonda. Ulisema ni malaria. Ukasema ni vidonda vya tumbo. Ulitoboa tundu jingine kwenye mshipi, kisha ukaacha mshipi ukafunga kamba. Toto alikuwa anaanika shuka lako kila siku kwa jasho. Hukukohoa hata mara moja, na kwa hiyo mimi, mkaguzi wa nyama, niliyejua kwamba TB inayoingia kwa maziwa hukaa tumboni na kwenye tezi, nilijiambia kwamba asiyekohoa hana TB. Mtu anaweza kujidanganya hivyo akiwa na cheti ukutani.

Tulipokufikisha hospitali tumbo lilikuwa limejaa maji. Yule daktari kijana alikuuliza mambo mengi na wewe ukajibu yote kwa heshima. Mwisho akauliza, "Mzee, maziwa unakunywa ya wapi?" Ulinitazama. Nimeona macho mengi katika kazi yangu lakini yale siwezi kuyaweka popote. Hukuwa na hasira. Ulikuwa kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

Walikuanzishia dawa siku ileile. Walisema tumechelewa lakini wameona waliochelewa zaidi wakipona. Wiki ya pili uliomba uji, tukafurahi. Wiki ya tatu uliacha kuomba. Alasiri moja Toto alikuwa ametoka kufua, tukabaki wawili. Ukanishika kidole kimoja, kwa sababu mkono mzima ulikuwa unakushinda, ukasema, "Asere. Usiwaambie watu ni ng'ombe wangu."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilikaa kimya na kidole changu mkononi mwako, nawe ukafumba macho ukiwa umetulia. Najua uliuchukua ukimya wangu kama ahadi. Nilikuacha uuchukue. Wiki hiyo haikuisha, ukaondoka.

Tulikuzika kwa nyimbo. Waliokuja walikuwa wengi mpaka wengine wakasimama shambani kwa jirani. Mhubiri alisema umekufa kwa ugonjwa wa tumbo, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Mwezi haukuisha, wanawake waliokwenda kukata mafunjo wakakuta pongo amekufa kando ya maji. Dume, mkubwa, ngozi imeshika mifupa. Chifu alinipigia simu, mimi nikampigia daktari wa mifugo, naye akaja na mtu wa wanyamapori. Tulivaa glavu na barakoa tukampasua palepale. Papa, niliposhika pafu lake nilijua kabla sijaliona. Kokoto zilezile. Unga wa muhogo uleule. Walichukua vipande wakavipeleka maabara, na majibu yaliporudi yalikuwa ni yale tuliyokuwa tunayajua.

Sijui kama ni yule tuliyemwona pamoja. Miaka ni mingi, haiwezekani awe yeye. Labda ni mjukuu wake.

Habari zilitembea kuliko sisi. Kufikia wakati wa soko, kila mtu Adungosi alikuwa anajua kwamba mzee wetu aliuawa na pongo. Kwamba pongo wanatema TB kwenye nyasi. Okisai alilishika hilo kwa mikono miwili. Kaka yangu alikulilia sana, Papa, na hakuwa na mahali pa kuupeleka uchungu wake. Alianza kukusanya vijana wenye mbwa na mikuki, na wengine wa ng'ambo ya mto, upande wa Uganda, wakasema watazuia upande wao, pongo wasivuke. Walipanga kumaliza kinamasi chote kwa siku moja.

Katikati ya hayo nilikutana na Nekesa kisimani. Alikuwa amemfunga Nafula kitambaa shingoni. Nikauliza. Akasema ni uvimbe tu, amempaka dawa ya majani, labda mtoto alipita mahali pongo alipopumua. Nikamwomba afungue. Chini ya sikio palikuwa na tezi tatu zimepangana kama shanga, moja imeanza kupasuka.

"Anakunywa maziwa ya wapi siku hizi?"

"Si Toto bado anampa? Mzee aliacha amesema mtoto asinyimwe."

Hata ukiwa kaburini ulikuwa unampa kikombe kile.

Nilimwambia Nekesa amkimbize mtoto hospitali na asimpe tena maziwa mabichi. Akaitikia kwa kichwa, lakini nilimwona hajaamini. Ya nini aniamini? Kijiji kizima kilikuwa kinamwambia ni pongo. Ningemwambia ni maziwa, angeuliza maziwa ya nani.

Chifu aliita baraza kwenye uwanja wa shule ya msingi ili kuzuia ule uwindaji. Mtu wa wanyamapori alisema kuua pongo ni kosa la kisheria, watu wakamzomea. Okisai alisimama, sauti inakatika. "Baba yangu ako kwa mchanga sababu ya hao wanyama. Nyinyi mnatuambia sheria?" Walimpigia makofi. Mzee mmoja akasema tuue kwanza tuulize baadaye. Toto alikuwa amekaa mbele, kanga kichwani, anatazama miguu yake.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga. Nilisema jina langu, ingawa wote wananijua, na nilisema mimi ni binti yako. Kisha nikasema kwamba mwaka jana, kabla pongo yeyote hajafa, ng'ombe wetu walipimwa, na Apus alikutwa na TB. Kwamba hatukumtoa. Kwamba wewe ulikunywa maziwa yake bila kuchemsha na mimi nilijua. Kwamba hakuna anayeweza kuapa mnyama gani aliambukizwa kwanza, ila daktari wa mifugo anaamini ng'ombe ndio waliotangulia, kwa sababu kwenye jiwe la chumvi walilamba pamoja, wetu na wao, mwaka baada ya mwaka. "Mkiua pongo wote leo," nikasema, "kesho asubuhi bado mtakamua ugonjwa mnywe." Na nikamtazama Nekesa nikasema kikombe cha Nafula kilitoka kwetu.



Okisai alikuja mpaka mbele yangu. Hakunipiga, ingawa nilidhani atanipiga. Alisema, "Leo umemzika baba mara ya pili." Akageuka akaenda zake.

Nilidhani ndio mwisho. Lakini Toto alisimama, akajifunga kanga kiunoni, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mimi ndiye nilikuwa nakamua. Nilimuuliza mtoto wangu tufanye nini, na nilijua jibu. Sikuchemsha sababu mzee hakupenda harufu ya maziwa ya kuchemsha. Kama ni lawama, si yake peke yake." Kisha akaketi. Baada ya hapo watu walianza kuuliza maswali, sio ya pongo tena. Wa kwanza alikuwa yule mzee wa tuue kwanza. Aliuliza kama maziwa yakichemka mara moja yanatosha.

Uwindaji haukufanyika. Siwezi kusema ni kwa sababu yangu. Labda waliogopa kukamatwa, labda walimkosa Okisai wa kuwaongoza.

Nekesa alikuja kwetu asubuhi iliyofuata, Nafula mgongoni. Nilijiandaa kutukanwa. Alisema tu, "Nipeleke hospitali. Mimi sitajua kuwaeleza." Tulikwenda watatu kwa boda moja. Mtoto yuko kwenye dawa sasa, mwezi wa tatu, na tezi zimeshuka mpaka unazitafuta kwa kidole. Nekesa hanisemeshi sana, lakini ananisubiri siku ya kliniki. Sidai zaidi ya hapo.

Sasa Apus. Nilidhani nitalazimika kumwondoa mwenyewe, lakini Ijumaa moja nilifika kichinjioni nikamkuta Okisai amesimama nje ameshika kamba, na Apus, na wale wawili wengine. Alikuwa amelipata lori la mtu kwa maneno matamu, au kwa ukali, sijui. Alinipa kamba bila kunitazama. Apus alinusa mfuko wa koti langu kama kawaida yake. Nilisimama naye, na ulipouliza ungemwambia nini, Papa, ulikuwa umeuliza swali la kweli, kwa sababu mimi pia sikupata la kumwambia. Nilimkuna tu nyuma ya pembe mpaka wakamchukua.

Nilimkagua mwenyewe. Wenzangu walitaka kunipumzisha, nikakataa. Mapafu, tezi, ini, mpaka kiwele. Alikuwa amejaa vinundu. Sijui alitembeaje mpaka mtoni kila siku na mzigo ule, na bado akajaza kibuyu. Nyama yote ilikwenda shimoni na chokaa, hakuna kilo iliyotoka. Nilipotoka nje kunawa, Okisai bado alikuwa pale, amechuchumaa ukutani. Akauliza, "Ilikuwepo?" Nikasema ilikuwepo. Alifunika uso kwa mikono yote miwili akalia kama alivyolia siku ya maziko, nami nikakaa chini kando yake, na hatukugusana. Tangu siku hiyo hajanipigia simu. Lakini ndama wa Apus wametengwa, ninajua ni yeye aliyejenga uzio, na magadi sasa yanawekwa ndani ya zizi.

Wapo majirani wasionisalimia. Wapo wanaosema msomi wa Adungosi alimwanika baba yake kwenye baraza. Nimelia kwa ajili hiyo, lakini sio sana kama nilivyolia kwa ajili ya kidole changu mkononi mwako. Nisamehe kwamba nilikuacha uamini. Kama ningekuwa na ujasiri ningekwambia palepale, "Papa, nitawaambia," ungekasirika, na pengine tungezungumza kweli kabla hujaondoka. Nilikunyima hayo mazungumzo mara mbili, pale bomani na pale kitandani, na mara zote mbili niliita woga wangu heshima.

Sikuwaambia watu ili uwe mbaya kwao. Niliwaambia pia kwamba ulikuwa unampa maziwa mtoto wa mtu asiye na ng'ombe, na chumvi wanyama wasio na mwenyewe. Sikujua namna ya kulitenganisha jema lako na lililotuua, kwa hiyo nimeyasema yote pamoja, kama yalivyokuwa.

Kesho tulipanga kwenda upande wa Khunyangu. Kuna mama mmoja mjane, ng'ombe wake wanne wamepimwa na mmoja amevimba shingo. Ameshatuma ujumbe kwamba tusihangaike kurudi, yeye na ng'ombe wake wako sawa. Daktari anasema tumwache apoe.

Mimi nitakwenda. Hii ndiyo ahadi yangu kwako, Papa, na hii nimeitamka kwa sauti hapa chumbani ili isiwe ukimya tena: atakaponiambia hapana, sitapanda pikipiki. Nitakaa nyumbani kwake. Nitamsaidia kupepeta mahindi, nitatukanwa ikibidi, nitarudi kesho yake na kesho kutwa, mpaka anisikie au anifukuze kwa mbwa. Nitakaa kama nilivyopaswa kukaa kwako.

Pumzika, Papa. Toto anakusalimu.

Asere, mtoto wako.